Detroit, mishahara na kodi ya kuku

Ugomvi ulianzia kwenye kuku, sikutanii. Mwanzoni mwa miaka ya 60 Wamarekani walikuwa wameshajua kufuga kuku wa kisasa kwa maelfu, nyama ikawa bei chee, wakaanza kuimwaga Ulaya na hasa Ujerumani Magharibi, wafugaji wa kule wakapiga kelele na Soko la Pamoja la Ulaya likapandisha ushuru wa kuku. Mmarekani akanuna. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson, hata mwezi hajamaliza ikulu, akasaini ushuru wa kulipiza kisasi wa asilimia 25 kwenye vitu vinne: wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori madogo. Kwenye malori mlengwa alikuwa Volkswagen na vile vi-kombi vyake. Vile vitatu baadaye viliachiwa. Ule wa malori madogo, yaani pikapu na vani za mizigo, ukabaki.

Naanzia mbali makusudi, maana kila stori ya magari ya Mmarekani ikianza kijiweni inaishia palepale. Kuna mzee tunakunywa naye kahawa, dereva mstaafu wa malori ya masafa, yeye anafunga mjadala kwa sentensi moja: "Mwanangu, Mmarekani kajimaliza mwenyewe kwa kulipana sana." Shikamoo yake naitoa kila siku na heshima iko palepale, ila kwenye hili simwachii.

Tuanze na namba yenyewe. Mwishoni mwa 2008, General Motors (GM) na Chrysler ziko hoi zinaomba msaada serikalini, kukasambaa habari kwamba fundi wa laini ya kuunda magari pale Detroit, mji wa makampuni makubwa ya magari ya Marekani, anamgharimu mwajiri dola 70 na kitu kwa saa moja. Sabini! Watu wakachukia, na mtu yeyote angechukia. Lakini mshahara wenyewe wa mtu mzoefu ulikuwa kama dola 28 kwa saa, weka overtime na likizo unakaribia 40, weka bima ya afya na michango yake ya pensheni unafika 55 hivi. Sasa hizo zilizobaki nani alikuwa anazila? Wastaafu. Kampuni ilichukua gharama za watu walioacha kazi miaka kumi, ishirini, thelathini nyuma, ikazigawa kwa masaa ya hao wachache waliobaki kazini, halafu jibu likaitwa "gharama ya mfanyakazi kwa saa". Jamaa anafunga boliti pale Michigan anasikia kwenye redio analipwa 70 na yeye mwenyewe hajui hiyo hela inaingilia wapi.

Ilifikaje huko? Rudi 1950. GM wakati huo ni dubwana, inaelekea kuuza karibu nusu ya magari yote Marekani, na inachoogopa kuliko kitu chochote ni mgomo, kwa sababu mwaka 1937 mgomo wa kukalia viwanda pale Flint uliwabana siku 44 mpaka wakakubali kukitambua chama cha wafanyakazi wa magari, UAW. Kwa hiyo wakakaa na Walter Reuther, mwenyekiti wa UAW, wakasaini mkataba wa miaka mitano ambao magazeti yaliupa jina la Mkataba wa Detroit: nyinyi msigome, sisi tutawapandishia mshahara kila mwaka kufuata maisha yanavyopanda, tutawalipa pensheni na tutachangia matibabu. Ford na Chrysler wakafuata.

Watu wanasahau kwamba Reuther mwenyewe alikuwa anataka matibabu yabebwe na serikali kwa kila raia, kama nchi nyingi za Ulaya zilivyokuja kufanya. Alilisema hilo mpaka anafariki. Serikali haikufanya, na wenye kampuni hawakuipigania hiyo hoja kwa sababu ilikuwa na harufu ya ujamaa, wakaona bora wabebe wenyewe, hela si ipo. Na kweli ilikuwepo! Pensheni ni ahadi ya kulipa kesho, meneja wa 1950 anaipigia makofi leo na atakayelipa ni meneja wa 1990, huyo hata shule hajaanza.

Hesabu ikageuka taratibu. Mwishoni mwa miaka ya 70 GM ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 600,000 ndani ya Marekani. Kufika 2007 wanachama wa UAW walio kazini GM ni kama 73,000, na wanaotegemea bima ya wastaafu, wao na wenza wao na wajane, ni zaidi ya 300,000. Kila aliye kwenye laini anabeba wanne mgongoni. GM ilikuwa inasema kila gari linatoka getini likiwa na kama dola 1,500 za matibabu ndani yake, na mnunuzi hapati hata kikombe cha ziada kwa hiyo hela.

Mjapani yeye alijenga viwanda vipya hukohuko Marekani, Honda pale Marysville, Ohio ikaanza kutoa Accord mwaka 1982, Nissan ikaenda Smyrna, Tennessee mwaka uliofuata, Toyota ikatoa Camry Georgetown, Kentucky kuanzia 1988. Wafanyakazi Wamarekani watupu, mshahara wa saa hauko mbali na wa Detroit, ila vijana, wastaafu hakuna, wagonjwa wachache, na kwao Japani bima ya afya inaendeshwa kwa mfumo wa taifa zima. Hiyo ndo tofauti kubwa iliyokuwepo kwenye gharama. Ukimwambia mtu kwamba Toyota ilikuwa inamlipa Mmarekani wa Kentucky karibu sawa na GM anakukatalia mchana kweupe.

Sisemi chama kilikuwa cha malaika. Kulikuwa na kitu kinaitwa benki ya ajira, kilianza 1984, mtu kazi yake ikiondolewa kiwandani anaendelea kulipwa karibu mshahara wote, anakuja asubuhi anasaini anakaa chumbani anacheza karata au anasoma gazeti mpaka jioni. Maelfu walipita humo mpaka kikafutwa 2009. Halafu vitabu vya mkataba virefu, huyu fundi umeme haruhusiwi kushika spana ya fundi bomba, kazi ya dakika tano inasubiri mtu mwingine aje. Hapo mzee wangu ana pointi na huwa namwachia aisherehekee.

Ila sasa kuna Fremont.

Fremont ni California, GM walikuwa na kiwanda pale na kilikuwa na sifa mbaya kuliko vyao vyote. Watu wanalewa kazini, utoro unafika mtu mmoja kwa watano, Jumatatu wakati mwingine laini inachelewa kuwashwa kwa sababu watu hawatoshi, na kuna waliokuwa wanaweka chupa tupu za soda ndani ya mlango wa gari makusudi ili mnunuzi apate kichaa kutafuta kinachogonga. Na wakubwa nao wale walikuwa wa kusukuma namba tu. Laini kusimama ilikuwa dhambi. Boliti imekaa upande, usukani umewekwa wa gari lingine, acha lipite, litaenda kurekebishwa uwanjani huko mwisho. GM wakakifunga 1982.

Mwaka 1984 kikafunguliwa kwa ubia wa GM na Toyota, kikaitwa NUMMI, na menejimenti akashika Toyota. Jengo lilelile, chama kilekile cha UAW, na hapa ndo patamu, wengi sana wa waliorudishwa kazini ni walewale walevi na watoro wa zamani, kama asilimia 85 ya kundi la kwanza. Wakapelekwa Japani kwa zamu kujifunza. Juu ya laini ikawekwa kamba. Ukiona kasoro unavuta, kiongozi wa timu anakuja hapohapo, hakufokei, anakuuliza tatizo nini tusaidiane, mkishindwa kulimaliza laini nzima inasimama mpaka limalizike. Mtu aliyezoea miaka 15 kuambiwa funga mdomo fanya kazi, leo anaulizwa maoni yake kuhusu sehemu ya kuweka trei ya boliti. Utoro ukashuka mpaka asilimia chache, na Corolla na Chevrolet Nova zilizotoka pale ubora wake ukawa unalinganishwa na wa viwanda vya Toyota vya Japani kwenyewe.

Watu walewale na mishahara ya mkataba wa UAW. Mimi kila nikiifikiria Fremont naona kesi imeisha, jaji apige nyundo twende tukale.

Na Toyota hawakuficha. Mameneja wa GM walikuwa humo ndani wanaona kila kitu, wanapiga picha, wanaandika ripoti. Walivyorudi viwanda vingine wakakuta mabosi wa huko hawataki kusikia, wafanyakazi nao wanahisi ni mtego wa kupunguza watu. Kamba ziliwekwa baadhi ya sehemu lakini ukiivuta unafokewa, sa kamba ya nini. Mkuu wa GM wakati huo, Roger Smith, dawa yake ilikuwa roboti, akamwaga mabilioni, na kiwanda cha Hamtramck kikawa maarufu kwa roboti zilizokuwa zinapuliziana rangi zenyewe kwa zenyewe badala ya magari. Bora angenunua kamba.

Nirudi kwa kuku maana hawajaisha. Ule ushuru wa asilimia 25 ulifanya pikapu ya kigeni isiingie kirahisi, kwa hiyo humo ndani Detroit wakabaki peke yao na bei wakapanga wenyewe. Ford F-Series inaongoza mauzo ya pikapu Marekani tangu 1977. Pikapu kubwa faida yake ni maelfu ya dola kwa gari moja, gari dogo faida yake ni ya kubangaiza. Wewe ungekuwa mkurugenzi unatazamwa na wenye hisa kila baada ya miezi mitatu ungewekea akili wapi? Ndo wakaweka huko. Gari dogo likawa mtoto wa kambo, anatengenezwa kwa sababu lazima awepo, injini ya kubahatisha, plastiki za kulegea. Chevrolet Vega ya miaka ya 70 ilikuwa inakula oili na kuota kutu ikiwa bado mpya, Ford Pinto ilirudishwa kiwandani 1978, magari kama milioni moja na nusu, kwa ajili ya tangi la mafuta kushika moto ukigongwa nyuma. Mmarekani aliyenunua hizo kisha akapanda Civic ya jirani hakuhitaji kuelezwa.

Mafuta yakipanda wanaumbuka. Yalipanda 1973, wakaumbuka, yakapanda tena 1979 baada ya mapinduzi ya Iran, Chrysler ikaenda kudhaminiwa mkopo wa dola bilioni moja na nusu na serikali, na 1981 Japani ikabanwa ikubali kupeleka magari yasiyozidi milioni 1.68 kwa mwaka. Unajua Mjapani alifanya nini? Kama idadi ndo imebanwa, basi kila gari liwe la bei zaidi. Acura ikaja 1986, Lexus na Infiniti zikaja 1989, akahama kutoka kwenye magari ya maskini akaenda kula sahani ya Cadillac. Detroit wao ile nafasi ya kupumua waliitumia kupandisha bei. Mafuta yakaja kupanda tena 2008 na wao bado wamekaa juu ya magari makubwa ya kunywa mafuta.

Kichekesho cha kodi ya kuku ni kwamba ilikuja kumng'ata mwenyewe. Ford kati ya 2009 na 2013 walikuwa wanaleta vani ya Transit Connect kutoka Uturuki. Vani ya mizigo ushuru asilimia 25, gari la abiria asilimia 2.5, wakaona isiwe tabu, wakaziweka viti vya nyuma vya danganya toto, zikashuka bandarini kama gari za abiria, zikishapita viti vinang'olewa, zinakuwa za mizigo. Forodha wakawakamata. Kesi ikaenda ikarudi, mwaka 2024 Ford wakakubali kulipa dola milioni 365. Huku kwetu mtu akifanya hivyo tunamwita mjanja wa bandarini.

Na Hilux je? Hiyo Hilux ambayo kila halmashauri na kila mradi wa maji unayo, Toyota waliacha kuiuza Marekani mwaka 1995. Wana pikapu nyingine inaitwa Tacoma, wanaiunda hukohuko Amerika ya Kaskazini. Kwa hiyo pikapu inayojulikana kuliko zote duniani haishindani kabisa na F-150 ya Ford nyumbani kwake. Halafu itoe F-150 uilete huku uone, jogoo wa shamba hawiki mjini: kubwa kwa barabara zetu, kiu ya mafuta, spea usiulize. GM yenyewe Afrika Mashariki ilikuwa inaishi kwa jina la mtu, ile General Motors East Africa ya Nairobi iliyoanza miaka ya 70 ilichokuwa inauza hasa ni Isuzu, na 2017 wakawauzia Wajapani hisa zao, bango likabadilishwa likaandikwa Isuzu East Africa na wateja wengi hata hawakustuka.

Haya, 2008 ikafika. Wakurugenzi watatu wakaenda Washington kuomba hela, kila mmoja na ndege yake binafsi, wabunge wakawasema mpaka safari ya pili wakaja na magari barabarani. Ford ilinusurika kwa sababu 2006 ilikopa zaidi ya dola bilioni 23 ikaweka rehani karibu kila kitu, mpaka ile nembo yake ya bluu. Chrysler ikafilisika Aprili 2009, GM ikafuata Juni 1, serikali ikabaki na asilimia 60 ya GM.

Hapo sasa ndo hoja ya mishahara ilipopewa nafasi ya kujithibitisha, maana walipata kila walichokuwa wanalilia. Matibabu ya wastaafu yalihamishiwa kwenye mfuko unaojitegemea. Benki ya ajira ikafutwa. Wafanyakazi wapya tangu mkataba wa 2007 wakawa wanaanza na kama dola 14 kwa saa, nusu ya aliyesimama naye bega kwa bega, kazi ileile. Gharama zikashuka karibu na za Toyota ya Kentucky. Kama tatizo lilikuwa mshahara basi hapo Detroit ilitakiwa iamke na kumpiga Corolla. Haikumpiga. Aprili 2018 Ford ikatangaza inaachana na magari madogo Marekani, inabaki na Mustang na mapikapu na yale marefu ya kwenda juu, SUV. GM nayo ikapunguza. Sehemu yao ya soko ikaendelea kupukutika.

Kwa hiyo 2023 Shawn Fain, mwenyekiti wa UAW, alivyosimama na wanachama wakagoma kwa kampuni zote tatu kwa mpigo, wiki sita, mimi nilikuwa upande wao bila kujiuliza. Mary Barra, mkurugenzi mkuu wa GM, mwaka uliotangulia alipata karibu dola milioni 29. Walipata nyongeza ya asilimia 25 mpaka 2028, wenye kiwango cha juu wanavuka dola 40 kwa saa, na yale madaraja ya wa juu na wa chini yakaondolewa karibu yote. Ford wakalalamika kwamba mkataba utaongeza kama dola 900 kwa kila gari. Gari jipya la wastani Marekani wakati huo ni kama dola 48,000. Piga mwenyewe hiyo asilimia.

Kuna sehemu mshahara unauma kweli, na ni kwenye vipuri. Zile nyaya zinazozunguka gari zima zinafungwa kwa mkono, kazi ya masaa, ndo maana zilihamia Mexico hata kabla hamjasikia neno NAFTA, ule mkataba wa biashara huria wa Marekani, Canada na Mexico. Na Mchina naye analipa kidogo, sikatai. Lakini BYD Seagull, kigari cha umeme cha Kichina, 2024 ilikuwa inauzwa kwao kwa kama dola 10,000, na ukimtoa mfanyakazi wa Detroit umlipe sifuri, sifuri kabisa, bado huwezi kutengeneza hiyo gari kwa hiyo bei. BYD betri anatengeneza mwenyewe, chipu mwenyewe, serikali yake imemshika mkono miaka mingi, na mwaka 2024 kauza magari zaidi ya milioni nne, yote ya umeme au ya kuchaji. Ford upande wake wa magari ya umeme ulipoteza dola bilioni tano mwaka huohuo.

Jibu la Washington ni lilelile la 1963. Biden 2024 akapandisha ushuru wa magari ya umeme ya China mpaka asilimia 100. Trump Aprili 2025 akaweka asilimia 25 kwa magari yanayotoka nje, karibu yote, wakati GM na Ford nao wana viwanda Mexico na Canada, GM ikapoteza dola bilioni 1.1 kwa robo moja tu ya mwaka kwa ajili ya ushuru uliowekwa kuilinda. Kisha Japani ikaenda kujadiliana ikapunguziwa mpaka asilimia 15. Detroit wakalalamika, na safari hii kwa haki kabisa, kwamba gari la Mjapani kutoka ng'ambo ya bahari linaweza kuingia kwa nafuu kuliko la kwao kutoka ng'ambo ya mto.

Jim Farley, mkurugenzi mkuu wa Ford, mwaka 2024 alisema hadharani kwamba aliletewa gari la umeme la Xiaomi, SU7, kwa ndege kutoka Shanghai mpaka Chicago, akaliendesha miezi sita na hataki kulirudisha. Nilimpelekea mzee wangu hiyo habari kijiweni nikidhani nimemmaliza. Akanywa kahawa yake, akauliza Xiaomi si wale wa simu. Nikamwambia ndiyo mzee, walewale. Akanyamaza kidogo, akasema basi huyo mkurugenzi naye wampunguzie mshahara.